Jina lisilo la kila mtu: la Kiswahili, la Kiislamu, la ukoo, la Biblia au la kisasa?

Anza kwa kuandika jina la kitukuu chako. Kwa familia nyingi za Tanzania, na za Waislamu wa pwani ya Kenya, mtu hutembea na majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Rais Samia Suluhu Hassan ni Samia, mtoto wa Suluhu, mjukuu wa Hassan. Kwa hiyo jina utakalompa mwanao wa kiume leo litasogea katikati siku atakapopata mtoto, na litakaa mwishoni siku atakapopata mjukuu. Ukimwita Jayden, ipo siku bibi mwenye mvi ataitwa dirishani, "Mwanaidi Ramadhani Jayden!", naye atainuka bila kushangaa. Wa kushangaa ni wewe, na hutakuwepo.

Wazazi wanaotafuta jina la kipekee mara nyingi hawaendi mbali hivyo. Wanatazama darasa la chekechea tu: hawataki mtoto wao awe Brian wa tatu au Neema wa nne. Ni sababu halali, ila ni moja kati ya kadhaa. Hapa chini tunapima makundi matano ya majina kwa vipimo vilevile, kila kundi na uzuri wake na mitego yake.

Vipimo vyenyewe

Maana. Jina lina maana unayoikusudia na maana anayoisikia jirani. Mia ni jina linalopendwa Ulaya. Hapa ni hesabu. Leo, Nina na Ada yana shida hiyohiyo: "Leo hayupo leo" itasemwa mpaka amalize kidato cha nne, na Ada ataulizwa kila muhula kama amelipwa. Noah ni Nabii Nuhu, lakini kwa Watanzania wengi ni gari la abiria. Mavi, linalopendekezwa mtandaoni kwa kuwa ni "buluu" kwa Kituruki, halihitaji maelezo.

Upekee. Kuna upekee wa darasani, wa ukooni na wa nchini, na watu huuchanganya. Otieno ni jina la kawaida kabisa Kisumu, ila Mbeya huenda akawa peke yake shule nzima. Ipyana ni hivyohivyo kwa upande wa pili: Tukuyu wamejaa, Kisumu hakuna anayelijua.

Tahajia na karatasi. Mpigie mtu simu, mtajie jina mara moja, mwombe aliandike na akutumie kwa ujumbe. Fanya hivyo kwa watu watano, wawili wawe wazee. Wakiandika wote sawa, jina ni jepesi. Tahajia mbili zinavumilika. Zikifika tatu, mtoto ataishi akilitaja jina lake herufi kwa herufi. Majina yenye l na r pamoja huanguka kirahisi kwenye jaribio hili, kwa sababu lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi sauti hizo mbili: Flora huwa Frola, Glory huwa Grory.

Herufi hizo si jambo dogo. Tanzania Bara kizazi husajiliwa RITA, wakala wa usajili, ndani ya siku 90, Kenya ndani ya miezi 6. Ukichelewa unaingia kwenye utaratibu wa usajili uliopita muda, wenye vielelezo zaidi. Jina la kwenye cheti ndilo linalopaswa kufuata shuleni, kwenye mitihani ya NECTA na kwenye kitambulisho cha NIDA. Likipishana, tatizo huonekana wakati mbaya kuliko wote, yaani kijana anapoomba mkopo wa chuo na Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA. Hapo Jenifa wa cheti na Jeniffer wa kidato cha nne ni watu wawili mpaka wakili aandae hati ya kubadili jina.

Pasipoti nayo ina masharti yake. Mstari wa kwanza wa herufi zinazosomwa na mashine una nafasi 44, tano za mwanzo ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 kwa majina yote pamoja na alama za kuyatenganisha. Ritifaa ya ng' huondolewa: Ng'ang'a husomeka NGANGA. Kistari cha kuunganisha hugeuzwa nafasi.

Dini na ukoo. Nani anatarajia kutoa jina hilo? Bibi wa upande wa baba? Shangazi? Sheikh, padri au mchungaji atasema nini? Majina mengi mazuri yamekufa kwenye mazungumzo ya siku ya tatu baada ya kujifungua.

Kuzeeka. Jina la mtindo lina tarehe ndani yake. Gladness, Happiness, Godlisten na Goodluck yalikuwa mapya Kilimanjaro. Leo ukilisikia unakisia mkoa na hata kizazi. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008 magharibi mwa Kenya walizaliwa akina Barack na Michelle wa kutosha. Hakuna ubaya. Jua tu kwamba jina la tukio linataja umri wa mwenye nalo hata akiuficha.

Jina la Kiswahili lenye maana ya wazi

Neema, Baraka, Imani, Amani, Furaha, Zawadi, Tumaini, Faraja, Subira.

Maana. Inaeleweka kuanzia Lamu hadi Bukavu bila mkalimani, na hapohapo ndipo penye uzito wake. Furaha akinuna ataambiwa, na Subira hatasamehewa haraka zake. Zamani jina lilirekodi hali ya nyumba: Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua. Wazee wenye majina hayo wapo, na wengi wameyabeba kwa heshima, lakini ukimpa mtoto wa leo umemkabidhi hadithi ya shida zako aieleze yeye.

Angalia pia sarufi, kwa sababu hapa orodha za mtandaoni zinapotosha sana. Zuri linapendwa Marekani na limefika Nairobi. Kwa sikio la Mswahili hilo ni shina la kivumishi linalosubiri nomino: zuri nini, gari? Na Nala, linaloandikwa kila mahali kuwa ni "zawadi" kwa Kiswahili, silo. Zawadi kwa Kiswahili ni zawadi. Fungua kamusi kabla ya kufungua moyo.

Upekee. Neema na Baraka wamejaa kila mahali. Tatizo ni kwamba wazazi huchukua kutoka rafu ya mbele. Rafu ya nyuma ina Tunu, Johari, Lulu, Marijani, Asumini, Waridi, Rihani, Sudi, Fanaka, Shangwe. Mengi ya haya yalikuwa majina ya bibi na babu wa pwani, kwa hiyo hayaonekani ya kubuni, na darasani hukutani nayo mara nyingi.

Tahajia na karatasi. Hakuna kundi linalolishinda hili. Linatamkwa linavyoandikwa, na watu watano wote watafaulu jaribio la simu. Shida huletwa na mzazi mwenyewe anapolipamba: Neemah, Barakka, Immani. Herufi moja ya urembo huzaa safari tatu za kurekebisha cheti. Jambo jingine ni jinsia: Imani, Amani, Zawadi, Furaha na Tumaini huitwa wa kike na wa kiume, kwa hiyo fomu za watu wasiomjua zitakosea mara kwa mara.

Dini na ukoo. Neema, Baraka, Imani, Faraja na Subira yana asili ya Kiarabu, na yanatumika kanisani na msikitini bila mtu kuuliza. Hayatoki upande wa mama wala wa baba, jambo linalomaliza ugomvi mmoja, ingawa bibi anayesubiri wajina wake ataona amerukwa.

Kuzeeka. Taratibu mno. Zaidi ya hayo, Baraka au Tumaini likihamia mwishoni mwa jina la kitukuu linakaa kama lilizaliwa hapo.

Linamfaa mwenye ndoa ya makabila mawili au dini mbili, na mwenye mtoto atakayeishi mbali na kwao. Marekani, Nia na Imani yanajulikana tayari kupitia Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa mwaka 1966, kwa kuwa ni mbili kati ya nguzo zake saba.

Jina la Kiarabu na la Kiislamu

Maana. Itafute kwa anayesoma Kiarabu, kwa sababu tahajia yetu huficha tofauti. Amal kwa alifu ni tumaini, kwa ayni ni kazi au tendo. Kwa herufi zetu yote mawili ni A-m-a-l. Abdul peke yake ni "mtumwa wa", sentensi iliyokatwa njiani. Inahitaji jina la Mwenyezi Mungu baada yake, kama Abdulrahman au Abdulkarim. Kati ya majina yanayovuma sasa, Rayyan lina mizizi imara: ni mlango wa Pepo wa waliofunga, kwa mujibu wa hadithi ya Mtume. Mengine yanachukuliwa kwa mlio tu, na sheikh akiuliza maana chumba kinakuwa kimya.

Upekee. Fatuma, Aisha, Mohamed na Ali hayatakupa upekee, na hayakukusudiwa kukupa. Watu huyarudia kwa mapenzi. Njia moja ni majina mapya ya aina ya Ayaan na Inaya, na foleni yake ni ndefu. Nyingine, ambayo tunaona haitumiki inavyostahili, ni majina ya kale ya Waswahili: Mwanaisha, Mwanahawa, Mwajuma, Mwanaidi, Mshamu, Bwanaheri. Yana dini, yana pwani, na mtoto mwenye nalo leo hapishani na wengi. Makame, Faki, Pandu na Haji yataleta swali moja popote pale: "Wewe wa Unguja au Pemba?"

Tahajia na karatasi. Ndiko kwenye kazi. Yusuf, Yusufu, Yussuf na Yusuph ni jina moja kwa masikio na manne kwa kompyuta. Amua mapema: Khadija au Hadija, Khamis au Hamisi, Ramadhani au Ramadhan. Kama jina la baba ni sehemu ya jina la mtoto, liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho cha baba hata kama wewe unaliona limekosewa. Kusahihisha kwenye cheti cha mtoto peke yake huwafanya baba na mwana waonekane si ndugu.

Dini na ukoo. Sunna ni kumpa mtoto jina siku ya saba, pamoja na akika, yaani kuchinja mbuzi au kondoo wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, na kunyoa nywele. Muda huo ni mzuri, utumie. Ukibanwa na hospitali kutaja jina mapema, usitaje la haraka kwa nia ya kulibadilisha. Kwa walioko Kenya, sheria ya usajili wa vizazi na vifo humruhusu mzazi kuandikisha jina la mtoto aliyesajiliwa bila jina, au jina lililobadilishwa, ndani ya miaka miwili tangu usajili.

Kuzeeka. Mnyororo wa mtoto, baba na babu ni wa majina haya hasa. Hakuna kundi linalosogea katikati na mwisho kwa utulivu kama hili.

Linamfaa familia ya Kiislamu, bila shaka, na hasa yenye ndugu Oman na Ghuba ambako jina litasomwa kwa Kiarabu kila siku na kosa la maana halitajificha.

Jina la ukoo au la kabila

Maana. Hapa ndipo penye utajiri. Wajaluo huandika saa ya kuzaliwa kwenye jina: Otieno na Atieno wa usiku, Okinyi na Akinyi wa asubuhi, Okoth na Akoth wa wakati wa mvua. Wakalenjin wana Kip na Chep: Kibet na Chebet wa mchana, Kiprop na Cherop wa mvua. Wakamba wana Mutuku na Nduku wa usiku, na Mwende, mpendwa. Wanyakyusa wana Lusajo, yaani baraka, Lusekelo, furaha, na Ipyana, neema. Kwa Wasukuma mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Kwa Wakikuyu maana halisi ni mtu: mvulana wa kwanza huitwa babu wa upande wa baba, wa pili babu wa upande wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Wajina wa bibi ni bibi aliyerudi. Ukimchapa, unamchapa nani?

Uliza mambo matatu kabla ya kulichukua. Nani alilibeba kabla? Aliishije na alikufaje, kwa kuwa koo nyingi hazirudishi jina la aliyekufa vibaya? Je, ni jina la mzimu au la kiapo? Kambarage, jina alilopewa Mwalimu Nyerere utotoni, ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki; Julius lilikuja kwa ubatizo mwaka 1943, na Kambarage halikuondoka.

Upekee. Kuna kinyume cha ajabu. Ukooni upekee ni mdogo kabisa, kwa sababu kila mtoto wa babu anamtaja babu yuleyule, na kwenye sherehe moja akina Wanjiru wanaweza kuwa saba. Ndiyo sababu Wakenya wengi huweka jina jingine mbele, ili Brian Otieno asichanganywe na Kevin Otieno. Lakini likitoka nje ya eneo lake, jina hilohilo linakuwa la kipekee kuliko lolote la mtandaoni. Kwa hiyo swali ni wapi mtoto atasoma. Yapo pia yanayosafiri kirahisi kwa sababu ni mafupi na ya irabu: Makena la Kimeru, lenye furaha ndani yake, Mwende, na Aika la Kichaga, yaani asante.

Tahajia na karatasi. Karani asiye wa kabila lako ataandika anachosikia. Kurwa na Kulwa, Doto na Dotto hupishana kila siku. Alama za juu za Kikuyu kwenye ĩ na ũ hupotea kwenye hati, na ritifaa ya Ng'w- ya Kisukuma haifiki kwenye mstari wa mashine wa pasipoti. Nenda na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako, mpe karani, usilitaje kwa mdomo. Jina la ukoo likiwa refu, hesabu: Mwakipesile Atuganile Elisabeth hutumia nafasi 32 kati ya 39, na jina moja zaidi likizidi herufi sita litakatwa.

Dini na ukoo. Wakatoliki wengi bado huambiwa lazima liwepo jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ndiyo iliyolidai; kanuni ya 855 ya sheria ya 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wasitoe jina lililo kinyume cha roho ya Kikristo, basi. Ongea na paroko mapema, si asubuhi ya ubatizo.

Uzito mwingine ni kwamba jina hutangaza kabila kabla ya mtu kufungua mdomo. Tanzania hilo huzaa utani. Kenya, hasa tangu vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, wapo wazazi wanaolipeleka katikati na kutanguliza jingine. Ni uamuzi wa kila nyumba, na si woga.

Kuzeeka. Halizeeki, kwa sababu lilikuwa zee lilipoanza.

Linamfaa anayeishi mbali na kwao na anataka mtoto ajue alikotoka, pamoja na mwenye wazee ambao kukataliwa jina kwao ni kidonda. Warundi na Wanyarwanda wana uhuru wa ziada hapa: desturi yao humpa kila mtoto jina lake, kama Iradukunda au Ishimwe, lisilo la baba, kwa hiyo hakuna mnyororo wa kuhofia.

Jina la Biblia na la ubatizo

Maana. Inajulikana au inatafutika, na ina mtu nyuma yake. Msome huyo mtu mpaka mwisho wa habari zake. Wapo walioanza vizuri tu.

Upekee. John na Mary, hapana. Ethan, Nathan, Asher na Eliana yanavuma kwa pamoja Nairobi na Dar es Salaam, hivyo yatakutana shuleni. Njia iliyo wazi na isiyopitwa sana ni umbo la Kiswahili la jina lilelile: Ethan yumo kwenye Biblia ya Kiswahili kama Ethani, 1 Wafalme 4:31. Yakobo, Mikaeli, Boazi, Sila, Mariamu na Debora yanasikika ya hapa kuliko Jacob na Michael, na mtoto mdogo mwenye nalo mjini sasa ni wa nadra. Kaskazini mwa Tanzania wana utaratibu wao wa Eli-: Elibariki, Elifuraha. Nje ya nchi hutayakuta.

Tahajia na karatasi. Umbo la Kiingereza huleta Abigail, Abigael na Abigaeli, Catherine na wenzake wasiohesabika. Umbo la Kiswahili hupita jaribio la simu karibu kila mara. Hatari yake ni mwalimu au karani anayejifanya kulisahihisha: Yohana anarudi nyumbani John. Kagua fomu za mitihani kabla hazijafungwa.

Dini na ukoo. Kanisani hakuna neno. Ukooni linaweza kuonekana limechukua nafasi ya babu. Wengi huliweka kwanza na la babu pili.

Kuzeeka. Maumbo ya Kiswahili yana utulivu. Ya Kiingereza hupanda na kushuka kama nguo.

Linamfaa familia ya Kikristo inayotaka jina litakaloeleweka duniani pote na hapohapo lisiwe la darasa zima.

Jina la kisasa, la kuazima au la kubuni

Maana. Ya kuazima, kama Jayden, Kayla au Liam, huja na maana ambayo jirani haijui. Ya kubuni, hasa yanayounganisha silabi za wazazi, yana maana ya mapenzi yenu wawili. Mara nyingine muungano hudondokea jina halisi: Amina na Rashidi wakipata Amira, wamepata neno la Kiarabu lenye maana ya binti wa mfalme. Mara nyingine hudondokea pabaya, kwa hiyo pima kwa Kiswahili na kwa lugha mbili za ukoo, ya mama na ya baba, na lugha ya mnakoishi.

Upekee. Yatenge mawili haya. La kubuni hasa ndilo pekee lenye upekee kamili katika makundi yote matano. La kuazima kutoka kwa msanii au mchezaji lina upekee mdogo kuliko yote, kwa sababu maelfu waliangalia kioo kilekile usiku uleule.

Tahajia na karatasi. Andaa subira. Jayden, Jaden, Jaydon na Jeiden wote wapo. Sean husomwa Se-an, Chloe husomwa Chlo-e, na mtoto atajikuta ana majina mawili, la nyumbani na la mwalimu. Ukibuni, fuata mwendo wa Kiswahili: silabi mbili hadi nne, kila moja iishie na irabu, usirundike konsonanti. Jina la namna hiyo hupita hata kwa karani mwenye haraka.

Dini na ukoo. Halimuudhi yeyote kwa kuwa halikumchagua yeyote. Kwa nyumba yenye mvutano mkali hiyo ni faida ya kweli.

Kuzeeka. La kuazima huzeeka haraka kuliko yote, na kwenye mnyororo wa majina matatu huonekana zaidi. Kwa mtoto wa kike hoja hii ni nyepesi, kwani watoto wake kwa kawaida watabeba majina ya baba yao.

Linamfaa anayetaka mtoto asiyewekwa kwenye kabila wala dini kwa jina, na wanaoishi nje ambako jina hilo ni la kawaida na la Kiswahili ndilo litakalotamkwa vibaya.

Pima mstari mzima

Mtu haitwi kwa jina moja kwenye karatasi, na upekee unaosaidia ni wa mstari mzima. Kama majina mawili ya mwisho ni ya kawaida sana, Juma Ramadhani kwa mfano, jina la kwanza ndilo litakalomtenga mtoto na maelfu kwenye orodha za benki na mitihani. Hapo Marijani au Mshamu lina kazi ya kufanya, na Mohamed litamchosha. Kama jina la mwisho tayari ni la nadra au refu, jina fupi la kawaida mbele linatosha: Neema akiwa na jina la mwisho lisilo la kila mtu hana wa kuchanganywa naye. Wenye jina la ukoo lisilobadilika, kama Massawe, Kimaro au Mwakyusa, wako huru zaidi, kwa kuwa jina la mtoto litapita katikati kizazi kimoja na kutoka.

Kisha, kabla ya kwenda kwa karani: liite kwa sauti ya juu mlangoni kama unamwita mtoto aliye kwa jirani, lifupishe kama watoto watakavyolifupisha, upende usipende, tazama herufi za mwanzo za majina yote matatu zinaunda neno gani, liandike kwa herufi kubwa, na cheti kikitoka, kisome hapohapo dirishani, herufi moja moja, pamoja na majina ya wazazi.

Kwa hali yako

Ndoa ya dini mbili: anza na la Kiswahili la rafu ya nyuma. Kama kila upande unadai lake, la Kiswahili litangulie na ya pande mbili yafuate, mradi nafasi 39 zitoshe.

Wazee wanatarajia wajina, na wewe unataka kitu kipya: jina la babu liende kwenye cheti, jipya liwe la kwanza au la nyumbani. Usifanye kinyume kwa kudhani wazee hawasomi vyeti.

Familia ya Kiislamu iliyochoka na majina yaleyale: waulize mabibi wa pande zote mbili walikuwa na dada gani na shangazi gani. Orodha hiyo ni fupi na haimo mtandaoni.

Mnaishi Ulaya au Marekani: chagua la irabu wazi, kama Makena, Tunu au Imani, na amueni kabla ya kujifungua ni jina lipi litakaa sehemu ya familia kwenye fomu. Mifumo ya huko mara nyingi hutarajia mzazi na mtoto walingane jina la mwisho, na mnyororo wetu haulinganishi. Ujerumani afisa wa usajili anaweza kukataa jina analoona litamdhuru mtoto, kwa hiyo nenda na maelezo ya maana na jinsia yake.

Mtoto wa kiume, mnyororo wa majina matatu, na moyo umeganda kwenye jina la kisasa: mpe, ila libuni kwa mwendo wa Kiswahili, au litumie kama la nyumbani na cheti kibebe jingine. Kama bado hamjakubaliana na siku zinakwenda, mna siku 90 Tanzania Bara na miezi sita Kenya. Mwiteni Mtoto mpaka hapo, hajali.